Kebo Hufungwa, Zamu Haifungwi

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mkoa wa Songwe



Mazungumzo haya yanahusu adabu ya kutumia kwa zamu kituo cha kuchajia vyombo vya umeme, na hasa jambo moja linaloonekana kuwa dogo, nalo ni kebo inayofungwa baina ya gari na kituo. Huenda mwanachama akauliza: mkulima wa kahawa wa Mbozi au mfanyabiashara mdogo wa Tunduma ana haja gani na habari za magari ya umeme?

Jibu liko barabarani. Pikipiki na bajaji za umeme zimekwisha kuonekana katika miji ya Tanzania. Huko Kenya, mwaka 2023, iliwekwa bei maalumu ya umeme kwa ajili ya vyombo vya usafiri. Ethiopia ilitangaza mwanzoni mwa mwaka 2024 kuzuia uingizaji wa magari yasiyo ya umeme. Nchini Tanzania, Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza uliingizwa katika gridi ya Taifa mwezi Februari 2024. Aidha, upo mradi wa njia kuu ya umeme ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, unaokusudiwa kuunganisha gridi ya Tanzania na ya Zambia.

Tunduma ni mji wa njia. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968 kuipelekea Zambia mafuta hadi Ndola. Reli ya TAZARA ilikabidhiwa kwa nchi mbili mwaka 1976. Kituo cha pamoja cha mpakani baina ya Tunduma na Nakonde kilizinduliwa mwaka 2019. Kila chombo kipya cha usafiri kinachokwenda kusini hupita hapa, na kila kipitacho hapa husimama. Hivyo basi, si ajabu chama cha ushirika chenye kiwanja kando ya barabara kuu kikaombwa siku moja kuweka kituo cha kuchajia. Heri chama kianze kuzungumzia zamu kabla ya kituo kujengwa, maana kanuni inayotungwa kabla ya ugomvi huonekana kuwa ya wote, na ile inayotungwa baada ya ugomvi huonekana kuwa ya mshindi.

UMEME KWA HESABU YA UNITI

Kila mwenye mita ya LUKU anaijua uniti. Betri ya gari dogo la umeme yaweza kubeba uniti 40. Ya pikipiki aghalabu ni uniti 2 hadi 4. Tofauti kubwa iko katika muda. Soketi ya kawaida ya ukutani hutoa uniti mbili au tatu kwa saa, na kwa hiyo gari lenye betri tupu ya uniti 40 laweza kukaa hapo usiku kucha na sehemu ya mchana. Kituo cha wastani hutoa uniti 7 kwa saa; gari hilo hilo hujaa kwa saa sita hivi. Vipo vituo vya kasi vyenye uwezo wa uniti 50 kwa saa au zaidi, ambavyo huitoa betri katika hali ya karibu kwisha na kuifikisha asilimia 80 kwa muda usiofika saa moja.

Hapo pana jambo la kuzingatiwa. Betri inapokaribia kujaa hupokea umeme polepole, mithili ya debe linalomiminiwa kwa uangalifu lisije likafurika. Katika kituo cha kasi, sehemu ya mwisho kutoka asilimia 80 hadi 100 yaweza kuchukua muda karibu sawa na sehemu yote iliyotangulia. Mtu anayeng'ang'ania sehemu hiyo ya mwisho hupata kidogo na kumpotezea mwenzake kingi.

Hesabu ya safari husaidia. Kutoka Tunduma hadi Mbeya ni kilometa 100 na ushei. Gari dogo hutumia takriban uniti moja kwa kila kilometa sita, ingawa milima huongeza matumizi. Kwa hiyo dereva aendaye Mbeya anahitaji uniti 20 hivi, pamoja na akiba. Hana sababu ya kujaza 40 wakati wenzake watatu wanangoja. Achukue ya kumfikisha, aache nafasi.

KEBO NA KUFULI LAKE

Kebo za kuchajia ni za namna mbili. Ya kwanza ni kebo ya kituo, ambayo imefungwa kituoni daima. Dereva huvuta ncha yake moja tu na kuichomeka garini. Ya pili ni kebo ya dereva mwenyewe, anayoibeba ndani ya gari, yenye plagi pande zote mbili: moja huingia garini, nyingine huingia kituoni.

Plagi nazo hutofautiana kwa nchi zilikotengenezwa gari. Magari mengi yaliyoundwa kwa soko la Ulaya hutumia plagi ambayo gari lenyewe huifunga kwa kijiti kidogo cha chuma kinachosukumwa na mota. Mwenye gari akifungua milango kwa ufunguo wake, kijiti hurudi nyuma. Magari mengi ya zamani kutoka Japani hutumia plagi yenye kitufe cha kubonyeza kwa kidole gumba; kama haikuwekewa kufuli, mpita njia yeyote anaweza kuichomoa. Magari yaliyoundwa kwa soko la China yana plagi za umbo lake yenyewe. Kwa hiyo chama kinachonunua kituo lazima kiulize kwanza wanachama na wapita njia wana magari ya namna gani, kisije kikanunua mlango usioingiliana na funguo za watu.

Kwa nini kebo hufungwa? Zipo sababu mbili, na zote ni za haki.

Sababu ya kwanza ni usalama wa mwili. Katika kituo cha kasi, umeme unaopita ni wa volti mia kadhaa. Plagi ikichomolewa ghafula wakati umeme unapita, cheche zaweza kumuunguza mtu. Ndiyo maana plagi ya kituo cha kasi hujifunga kuchaji kunapoanza, wala haifunguki mpaka umeme ukatwe. Kufuli hilo halipaswi kushindana na nguvu za mtu wala kupigwa kwa nyundo.

Sababu ya pili ni wizi. Ndani ya kebo mna shaba. Watu wa Tunduma hawahitaji kuelezwa thamani ya shaba, kwa kuwa malori yaliyobeba madini hayo kutoka Zambia na Kongo hupita mbele ya milango yao kila siku. Huko Marekani na Uingereza, vituo kadhaa vimekutwa kebo zake zimekatwa usiku na kuuzwa kama vyuma chakavu. Dereva anayeacha kebo yake bila kufuli na kwenda kula chakula aweza kurudi akute gari liko na kebo haiko.

Basi kufuli ni jambo jema. Lakini kila kifaa cha kulinda mali chaweza kugeuzwa kuwa kifaa cha kuwazuia wengine, na hapa ndipo ugomvi unapoanzia.

UGOMVI UNAVYOZALIWA

Ichukuliwe kwamba chama kina kituo kimoja chenye matundu mawili. Saa 2 asubuhi mwenye gari amefika, amechomeka kebo yake, amefunga milango, akaenda sokoni. Saa 8 mchana betri imejaa. Mwenye gari amekutana na jamaa zake na mazungumzo yamenoga. Kebo ingali imefungwa. Tundu la pili linatumiwa na gari la mjumbe wa bodi, nalo limejaa tangu saa 6. Anafika kijana mwenye bajaji, betri imebaki sehemu ya kumi. Bajaji hiyo ndiyo riziki yake ya siku, na jioni ameahidi kumpeleka mama mjamzito hospitali. Mbele yake zipo kebo mbili zisizofanya kazi yoyote, wala hawezi kugusa hata moja.

Hakuna aliyeiba, na hakuna mashine iliyoharibika. Hata hivyo dhuluma imetendeka, tena mchana kweupe. Kijana akikasirika atavuta kebo kwa nguvu, naye atavunja kijiti cha kufuli, na gharama itakuwa ya chama. Akinyamaza, ataondoka na neno moja moyoni: kumbe kituo ni cha wakubwa. Chama kinaweza kununua kijiti kingine. Imani ya mwanachama haiuzwi dukani.

Nchi zilizotangulia katika jambo hili zimekutana na ugomvi huo huo. Jimbo la California nchini Marekani lilitunga sheria mwaka 2011 iliyotaka gari liegeshwalo kituoni liwe limeunganishwa na kebo. Baadhi ya madereva wakalalamika kwamba mtu akichomolewa kebo na jirani, gari lake laweza kuonekana lenye kosa. Mwezi Desemba 2016 kampuni ya Tesla ilianza kuwatoza ada ya dakika kwa dakika wenye magari yaliyokwisha kuchajiwa na bado yamekaa kituoni. Mafunzo ni mawili. Kwanza, ni hatari kumwachia kila mtu achomoe kebo ya mwingine kwa hukumu yake mwenyewe. Pili, mtu anayekaa baada ya kujaza hulipia nafasi, kwa sababu anachukua kitu cha wenzake.

ADABU ILIYOKUWAPO TANGU ZAMANI

Ustaarabu huu si mgeni kwa watu wa Songwe. Penye bomba la maji, ndoo hupanga foleni badala ya mwenye ndoo. Mama aweza kuacha ndoo yake akaenda kumtazama mtoto. Aliye nyuma huisogeza mbele foleni inapokwenda, wala haithubutu kurudishwa nyuma. Lakini ndoo ikishajaa huondolewa chini ya bomba, hata kama mwenyewe yuko mbali. Hakuna aliyewahi kudai kwamba ndoo iliyojaa ina haki ya kuendelea kukaa chini ya bomba.

Ni hivyo hivyo kwenye mashine ya kusaga. Na wakulima wa kahawa wanajua zaidi, kwa kuwa kahawa mbivu iliyochumwa asubuhi inatakiwa imenywe siku ile ile. Mwanachama anayeuzuia mtambo wa kumenya kwa uzembe huchachusha kahawa ya jirani yake, na ubora ukishuka bei hushuka kwa wote waliouza pamoja. Watu waliojifunza kugawana mtambo wa kahawa hawawezi kushindwa kugawana kituo cha umeme.

Tofauti ni moja tu. Ndoo haina kufuli, lakini kebo inalo. Kwa sababu hiyo, yale ambayo kwenye bomba hutendwa kwa desturi, kituoni hayana budi kuandikwa.

KANUNI ZINAZOPENDEKEZWA

Chama chochote kinaweza kuzijadili kanuni zifuatazo, kuzipunguza au kuziongeza, kisha kuzibandika ubaoni karibu na kituo.

1. Kituo ni cha kuchajia, si cha kuegesha. Gari la dizeli lililosimama mbele ya kituo limekifunga kituo bila hata kuwa na kebo. Liondolewe.

2. Kila anayefika aandikwe katika daftari: jina, namba ya chombo, namba ya simu, saa ya kuanza na saa anayotarajia kumaliza.

3. Mwenye kufunga kebo asiende mahali asipopatikana. Kufuli ni ruhusa ya kulinda kebo kwa muda wa zamu yake, na zamu ikiisha ruhusa imekwisha.

4. Anayeondoka aache kadi kwenye kioo cha mbele, yenye namba ya simu na neno moja kati ya mawili: "Ikijaa, waweza kuchomoa" au "Usichomoe, nipigie simu." Yapo magari yanayoweza kupangwa yaiachie plagi yenyewe mara betri inapojaa, mwenye gari la namna hiyo alipange hivyo.

5. Hakuna ruhusa ya kuchomoa kebo ya chombo ambacho bado kinachaji, hata kama anayengoja ana haraka. Taa za magari hazifanani maana; anayedhani gari limejaa huenda akakosea. Na aulize.

6. Kebo iliyogoma kutoka isivutwe kwa nguvu. Kuchaji kusimamishwe kwanza, milango ifungwe na kufunguliwa tena kwa ufunguo. Ikishindikana, mwenye gari atazame kitabu chake, kwa kuwa magari mengi yana kamba au kishikio cha dharura cha kuachia kufuli.

7. Mahali penye foleni, zamu ina kikomo. Katika kituo cha kasi kikomo ni asilimia 80. Katika kituo cha wastani ni saa ambazo mkutano utaamua. Asiye na mtu nyuma yake na aendelee.

8. Baada ya kujaza, mwenye chombo apewe dakika 15 za kuondoka. Zikipita, alipe ada ya kukaa iliyoamuliwa na mkutano mkuu. Ada hiyo iandikwe katika stakabadhi na iingie katika hesabu za chama.

9. Chombo cha kubeba mgonjwa, na mazao yasiyoweza kungoja, hutangulizwa. Anayempisha mwenzake haanzi foleni upya. Hubaki wa kwanza.

10. Kebo isipite njiani mwa watu. Ikimaliza kazi ikunjwe na plagi irudishwe kishikioni ikiwa na kifuniko, isilale katika vumbi wala matope. Kebo iliyochunika isitumike, na katibu aarifiwe papo hapo.

MASWALI AMBAYO WANACHAMA WATAULIZA

Mwanachama mmoja atasema: "Kebo ni yangu, nimeinunua kwa fedha yangu. Nani ataniamuru niifungue?" Kebo ni yake, lakini tundu ilimochomekwa ni la wote, na umeme unaoingia unapita katika mita ya chama. Mali yake inalindwa, nafasi anarudisha.

Mwingine atasema: "Nikiacha ruhusa ya kuchomoa, kebo itaibwa." Hofu hiyo ni ya kweli. Dawa yake ni chama kununua kituo chenye kebo yake yenyewe, kukiweka mahali penye mwanga na mlinzi, au kumkabidhi mlinzi kazi ya kuhifadhi kebo zilizochomolewa na kuziandika daftarini. Chama kinacholinda magunia ya kahawa chaweza kulinda kebo.

Wa tatu atauliza kuhusu umeme kukatika. Swali hili aulizwe muuzaji kabla ya fedha kulipwa: umeme ukikatika, je, kituo huiachia plagi au huendelea kuishika? Kituo kinachoishika kebo gizani kitamzuia msafiri asiweze kuondoka hata na umeme alioupata. Jibu la muuzaji liandikwe katika mkataba.

WAJIBU WA KATIBU NA BODI

Katibu hatazamiwi kuwa fundi umeme. Kazi ya waya ni ya fundi aliyeidhinishwa, na kabla chama hakijauza uniti hata moja, ni lazima kipate maelekezo ya TANESCO na EWURA. Wajibu wa katibu ni daftari, ubao na haki. Daftari likisomwa kila mwezi katika kikao cha bodi, litaonyesha uniti zilizonunuliwa, zilizotolewa na fedha zilizoingia. Litaonyesha pia ni nani hukaa kupita zamu yake.

Hapo ndipo bodi itakapopimwa. Kanuni inayomtoza mwenye bajaji na kumsamehe mwenyekiti si kanuni. Msingi wa ushirika, tangu siku za wafumaji wa Rochdale mwaka 1844, ni kwamba mwanachama hana kura mbili kwa kuwa na hisa nyingi. Kwa msingi huo huo, gari kubwa halina zamu mbili. Mjumbe wa bodi ndiye apaswaye kuwa wa kwanza kuonekana akichomoa kebo yake kwa wakati.

Kwa ajili ya majadiliano, kila chama kinaombwa kujibu maswali haya katika mkutano wake:

(a) Ni mali gani ya pamoja ambayo chama kinayo leo, na zamu yake inaongozwa na kanuni iliyoandikwa au na sauti ya aliye mkali zaidi?

(b) Kama kituo cha kuchajia kitajengwa, kitajengwa wapi, kwa magari ya namna gani, na nani atakishikia daftari?

(c) Mwanachama aliyefunga kebo akatoweka ataadhibiwaje, na nani atathubutu kumwadhibu akiwa kiongozi?

Swali la tatu ndilo zito, nalo lijibiwe mbele ya wote, mapema, wakati hakuna anayejulikana kuwa mkosaji. Maamuzi yaandikwe katika muhtasari na yasomwe kwa sauti. Kisha, siku kituo kitakapofungwa ukutani, ubao wa kanuni uwe umekwisha kutundikwa pembeni yake.